Mapafu ya Shemeji

Mume wangu Semisi alianza kukohoa mwaka wa tano wa kukata mawe ya meza za jikoni. Karakana ilikuwa Blacktown, pembeni mwa Sydney, na kibali chetu cha kukaa nchini kilikuwa mikononi mwa tajiri wa karakana hiyo. Semisi akiachishwa kazi, sote tunarudi kwetu visiwani Tonga, na watoto wako katikati ya muhula.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba gari la kupima vifua linakuja, na kwamba wakata mawe watakaokutwa na kasoro wataondolewa, chakula kilimshinda Semisi. Wazo lilikuwa langu. Mdogo wangu Kitione alifanya kazi hapo hapo, upande wa kung'arisha mawe kwa maji, ambao haukuwa kwenye orodha ya kupimwa. Alikuwa na kifua kipana kama mlango wa kanisa. Nikamwomba apimwe kwa jina la Semisi. Kwetu kaka hamkatalii dada yake, nami nilijua hilo nilipomwomba.

Akavaa fulana ya Semisi, akapanga foleni, akatoa kadi ya Semisi. Wauguzi hawakushtuka, kwao Watonga sote tuna sura moja.

"Shemeji, sasa una mapafu ya ng'ombe," alimwambia Semisi jioni ile. "Nguruwe wa kunishukuru awe mnene."

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Ilisema Semisi ana uvimbe kwenye pafu la kulia, afike hospitali haraka.

Semisi aliisoma mara mbili, akakaa sakafuni. Nilimwona akifurahi kidogo tu, kisha akainamisha uso kwa aibu. Sikumlaumu. Mimi pia nilishusha pumzi kabla sijakumbuka kifua kile ni cha nani.

Kwetu dada na kaka hawakai chumba kimoja hata kutazama televisheni, sembuse kuzungumza mambo ya mwili. Ilibidi Semisi ndiye amwambie Kitione. Siku nne mfululizo waliondoka pamoja asubuhi kwa gari moja, na kila jioni aliniambia atasema kesho. Siku ya tano nilimfuata Kitione uani, akimenya mihogo. Akainuka kunipisha, kwa heshima. Nikamwambia akae.

"Barua ya vipimo imekuja kwa jina la Semisi, lakini ni yako," nikasema. "Kuna uvimbe kwenye pafu, nao ni wako. Na mimi ndiye niliyekutuma."

Aliendelea kumenya. "Semisi anajua?"

"Anajua."

"Ndiyo maana anaendesha gari kama mtu aliyebeba mayai." Akaweka kisu chini. "Dada, miaka sita nilitoboa mahandaki kule Auckland bila kufunika hata pua. Hili hukuniletea wewe."

Ili atibiwe, ilibidi jina la kweli litajwe. Daktari alithibitisha kuwa ni saratani, akasema vumbi la miamba alilovuta miaka ile yote huweza kuileta. Habari ikafika karakana. Tajiri akamwita Semisi, wala hakupandisha sauti. Alisema Kitione atabaki kwenye orodha ya wafanyakazi, kibali na bima viendelee, mradi Semisi asiondoke kwenye mashine na asilalamike popote kuhusu vumbi. Akikataa, ataripoti udanganyifu wetu, tupandishwe ndege sote, na matibabu yaishie hapo.

Semisi aliniuliza afanye nini. Nilichukua fulana yake ya kazi nikaanza kuifua, na hilo lilimtosha. Kesho yake akarudi kwenye mashine.

Kitione alikatwa nusu ya pafu mwezi wa nane. Yuko hai. Akitembea, hupumzika kila baada ya nyumba mbili, na huwatania wanaomsubiri.

Juzi nilimwambia Semisi akapimwe kwa siri, kwa jina lake mwenyewe.

"Wakinikuta na kitu," akasema, "nani atashika mashine?"

Nikamfungia chakula chake. Akavaa viatu, akatoka kwenda karakana.