Mita Ishirini na Moja

Jumatano asubuhi, wiki ya mwisho ya Juni, Aristide alikuwa akipiga hesabu ya nafasi ya klabu. Ligi ya mpira wa kikapu ilikuwa imeweka kikomo cha mishahara, na kabla soko la wachezaji huru halijafunguliwa Jumanne saa sita mchana, kila klabu ilitakiwa kujua imebakiza kiasi gani chini ya kikomo hicho. Alitoa mikataba tisa inayoendelea. Akatoa na fedha zilizoshikiliwa kwa ajili ya wachezaji wawili ambao mikataba yao ilikwisha lakini klabu haijawaachilia. Ndipo Hanna, meneja, akawapigia simu na kuwaachilia wote wawili, na ukuta ulio nyuma ya mashine ya fotokopi ukarudi nyuma.

Ulirudi polepole, bila vumbi. Aristide alingoja utulie, akachukua futi, akapima. Kila laki ya krona ilikuwa mita moja ya mraba. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka katika ofisi ile ya Sundbyberg, huko ughaibuni.

"Ishirini na moja," alisema.

"Mwaka jana tulipata kama kabati," alisema Hanna. "Hii inamtosha mchezaji wa kati. Niandikie ripoti."

Aristide alipoingia kufagia, chumba kilikuwa na dirisha, na nje ya dirisha ilikuwa Bukavu, mji wa kwao: mabati ya mtaa wa Kadutu yakishuka mteremko, na kipande cha ziwa kwa mbali. Mkewe, Asifiwe, alikuwa ameketi chini ya dirisha akichambua samaki wadogo wa sambaza kwenye ungo.

"Karibu, Papa Mado," alisema. "Umekonda."

"Ni kazi," alisema Aristide.

Hawakuwa wameonana kwa miaka mitano. Mara mbili Aristide alikuwa ameomba mkewe na binti yao Madeleine, waliyemwita Mado, waruhusiwe kumfuata, na mara mbili barua ya uhamiaji ilijibu kwamba mshahara unatosha ila makao ni madogo. Alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa Tensta, katika nyumba ya watu, na foleni ya nyumba ilikuwa ndefu kuliko utoto wa Madeleine.

Asifiwe alijaribu kuvuka mlango aione korido. Mguu wake ulitua jikoni kwake, Bukavu. Akarudi kupitia dirishani, akaendelea na samaki wake.

Aristide hakwenda Tensta siku hizo; alilala humo humo chumbani. Madeleine alitoka shule akamkuta, akamwita "monsieur", kama bwana mgeni, mpaka Ijumaa. Jumapili alimwita papa, akalala kifuani pake mchana kutwa, na Aristide hakuthubutu hata kuupeleka mkono kufukuza nzi.

Chumba kilifuata mikataba, hakikufuata karatasi. Aristide alilijua hilo. Ripoti ikisema mita sita, Hanna angesajili mtu wa mita sita, na kumi na tano zingebaki mpaka Juni nyingine. Katika mita kumi na tano watu watatu hujibana wakaishi. Jumatatu aliandika sita.

"Umefanya nini?" aliuliza Asifiwe alipoona anavyofuta mikono kwenye suruali.

"Nimekosea hesabu."

"Weye? Hata michango ya harusi yetu hukuikosea." Akamsogezea sahani ya bugali. "Basi iache ivyo. Mungu ataelewa."

Jumanne saa tano Hanna aliisoma ripoti akiwa mlangoni. Akavua viatu, akaingia, akampa Asifiwe mkono, akakubali sambaza mbili. Kisha akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, akihesabu hatua. Akaikata ile sita kwa kalamu.

"Hata mimi ningeandika sita," alisema. "Lakini tumebakiza saa moja."

Saa sita na dakika nne, Mmarekani wa mita mbili na sentimita kumi na moja alikubali kwa simu. Ukuta ukaanza kurudi.

"Uambie ungoje," alisema Asifiwe. "Mtoto hajatoka shule."

Aristide akauwekea mgongo. Ukuta haukuwa na haraka wala ubishi. Ulimsukuma huku soli za viatu vyake zikiburuza sakafuni. Asifiwe aliweka ungo chini, akaja kusukuma naye. Walisukuma hadi saa nane. Madeleine alipoingia mbio na begi mgongoni, palikuwa pamebaki upana wa bega. Aliupenyeza mkono, Aristide akaushika, kisha ukamtoka, na dirisha likafika penye mashine likawa ukuta, mama na mtoto wakabaki upande wa Bukavu. Hanna alimkuta Aristide amekaa juu ya mashine ya fotokopi, akampa maji.

Agosti, klabu ilimtuma Aristide uwanja wa ndege wa Arlanda kumpokea yule Mmarekani. Alikuja na mke, watoto wawili, mama mkwe na mbwa. Vibali vyao vya kuishi vilikuwa vimetoka ndani ya siku tisa. Klabu iliwapa nyumba ya vyumba vinne karibu na stesheni, na mke akazunguka akiuliza kipi kiwe cha mbwa.

"Mtachagua wenyewe," alisema Aristide.

Godoro kubwa halikuingia kwenye lifti. Mchezaji alishika upande wa juu, Aristide akashika wa chini, wakaanza kupanda ngazi.

"Na wewe una familia hapa?" aliuliza yule mtu bila kugeuka.

"Ninayo," alisema Aristide. "Bukavu. Inamisha kichwa, hapo dari ni fupi."