Sinia la Mikono Mitatu

Mtaa mzima wa Mabawa wanajua sinia langu halimdhulumu mtu. Miaka ishirini nagawa biriani za arusi, watu wanne kila sinia, nyama sawa, mchuzi sawa. Anayebisha namwambia aje apakue yeye.

Ijumaa ile ilikuwa arusi ya Tabia. Baba yake, kaka Yasini, alikuwa ametoka kuugua kiharusi, na mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama paka. Tangu augue hajakanyaga karamu. Kutia mkono wa kushoto katika sinia la wenziwe hawezi, anaona haya. Nikaapa kwamba arusi ya mwanawe hatakaa na njaa mbele ya wageni.

Nikamwekea sahani yake peke yake, na kijiko, pembeni ukutani. Nyama nilimzidishia kidogo. Nilijiona bingwa.

Moshi wa udi ulitanda chini ya turubai, matari ya wanawake yakisikika kutoka uani, na mvuke wa biriani ukapanda taratibu hata nyuso za watu zikawa kama za ndotoni. Katika mvuke ule nikamwona Yasini anaitazama sahani. Kijiko hakukigusa.

"Mwanangu yuaolewa, Amour," akasema polepole, "nami nala ukutani?"

Nilikasirika. Nijipinde vile, kisha nilaumiwe! Nikafungua kinywa nimjibu, nikaona machozi yanamlengalenga. Hasira ikaniisha, ikabaki aibu. Ndipo nikamwuliza nililopaswa kumwuliza tangu asubuhi.

"Wataka nini, kaka?"

"Sinia."

Nikaweka upawa chini. Nikamwongoza mpaka kwenye sinia la wazee wawili, nikanawa, nikaketi ubavuni kwake. Wageni wa nyuma wakaanza kuuliza chakula chao kiko wapi, nikawaacha waulize. Nikafinyanga tonge, nikamtia kinywani kama alishwavyo bwana arusi. Wale wazee wakasogeza nyama upande wetu.

Yasini akatafuna muda mrefu, macho kayafumba.

"Chumvi imezidi," akasema.

Nikacheka, nikala na mimi. Mgawaji hula mwisho, tena cha baridi. Nilikuwa nimesahau utamu wa biriani ya moto.

Tulipomaliza, birika la kunawia likaletwa. Yasini akalidaka kwa mkono wa kushoto, akaanza kuninawisha. Birika likatetemeka, nusu ya maji ikaingia kwenye kanzu yangu. Mtu akanyoosha mkono kumpokea.

"Mwache," nikasema, nikakinga mikono yangu yote miwili.