Penseli na Mfuko wa Mathe Eucabeth

Jumanne saa mbili asubuhi sista Emmy alipanga viti vya kliniki ya presha na sukari, akapangusa mizani kwa kitambaa, akaita namba moja. Namba moja alikuwa Mathe Eucabeth wa Kivumbini, mjane wa fundi wa reli, miaka sitini na tisa. Alikuja na kadi yake, miwani yake, na mfuko wa dawa alioushona mwenyewe kutoka gunia la unga. Mfuko uliletwa na Maina wa mkokoteni, akisaidiwa na wanaume wawili aliowatoa kwa foleni.

"Pole pole na huo mlango," sista Emmy aliwaambia. "Umetengenezwa juzi tu."

Katika kliniki hiyo kila mgonjwa huja na dawa zake zote za nyumbani, hata za kununua dukani, hata za mizizi, zikamwagwa mezani na kuangaliwa moja moja. Kazi hiyo ni ya mfamasia wa mafunzo. Mwaka huo alikuwa Nakhumicha. Alikuwa na digrii yake tayari, na miaka mitatu kwenye dirisha la dawa la zahanati moja karibu na Olkaria. Kisha akarudi kusoma miaka miwili zaidi, ajifunze kumfuatilia mgonjwa asiyelala wodini, yule anayekuja asubuhi na kurudi kupika kwake.

Sheria ilikuwa moja. Mfamasia wa mafunzo haandiki kwenye faili kwa kalamu, anaandika kwa penseli. Daktari mkuu akikubali, anapitisha wino juu ya yale maneno. Akikataa, anayafuta kwa raba. Tangu Januari mpaka siku hiyo ya Mei, Nakhumicha alikuwa amefutwa mara arobaini na moja.

Mfuko uliwekwa kwenye mizani. Ulikuwa na kilo sitini na mbili. Mathe Eucabeth naye akapanda, akawa na hamsini na nane.

"Umenishinda na kilo nne," alisema. "Na mimi ndiye nakula."

Sista Emmy alitafuta kwenye kadi mahali pa kuandika uzito wa mfuko. Hapakuwa na mahali. Akachukua rula, akachora.

Mfuko ukarudishwa kwenye mizani, na Nakhumicha akaanza kutoa dawa. Alitoa mbili za presha, mizani haikusonga. Akatoa ya sukari na ya mafuta ya damu, haikusonga. Alipofika kwenye pakiti ya kaki ya dawa ya magoti, alisimama, akapanua miguu, akaiinua kwa mikono miwili. Mizani ilirudi mpaka gramu mia tatu. Aliiteremsha pakiti sakafuni na kupumua.

"Hii ulianza lini, mathe?"

"Mwezi wa pili. Daktari mkubwa aliniambia nimeze asubuhi na jioni, nisiache."

"Na mkojo?"

"Kidogo tu. Kama wa paka. Na viatu hazinitoshi, ona."

Nakhumicha aliona. Alifungua faili akaangalia majibu ya maabara. Namba ya figo ilikuwa imepanda Machi, ikapanda Aprili, ikapanda tena. Akachukua penseli akaandika: *Dawa ya magoti isimamishwe. Inaharibu figo. Apewe ya kupaka.*

Daktari mkuu, Kahiga, alifika saa nne kutoka mtaa wa Milimani. Aliketi, akasoma, akatoa raba kwenye mfuko wa koti.

"Wewe wa dawa. Huyu mama magoti yanauma ama hayaumi?"

"Yanauma, daktari."

"Basi." Alifuta, akapuliza vumbi la raba.

"Daktari, hiyo pakiti ina kilo sitini na moja na zaidi."

"Uzito ni mambo ya stoo. Waandikie stoo."

Nakhumicha alirudi kwenye mizani, akainama, akaikumbatia ile pakiti kama mtu anayebeba mtungi uliojaa, akatembea nayo hatua kumi na nne. Foleni nzima ilimwangalia. Aliiweka mezani mbele ya daktari Kahiga, juu ya faili, pale palipofutwa. Miguu ya meza ilivunjika yote minne mara moja, na kikombe cha chai kikamwagikia viatu vya daktari.

Daktari Kahiga aliangalia viatu vyake.

"Hii meza ni ya mbao laini," alisema. "Sista, niletee ya chuma."

Meza ya chuma ililetwa kutoka chumba cha chanjo. Daktari alihamia hapo na faili zake.

"Kitabu chako cha mafunzo kinangoja sahihi yangu Novemba," alimwambia Nakhumicha. "Unajua hiyo?"

"Najua."

"Unajua na bado unaniandikia?"

"Nilinunua penseli dazeni nzima, daktari. Hata nusu sijamaliza."

Kisha akaenda kukaa kwenye benchi karibu na Mathe Eucabeth.

"Mathe, mimi sina ruhusa ya kukusimamishia hiyo dawa. Imeandikwa kwa wino. Lakini hakuna mahali nimekatazwa kusema vile naona. Nikuambie?"

"Niambie, mtoto wangu. Nimekuja na mkokoteni, siwezi rudi bila maneno."

Akamwambia yote: figo, maji yanayobaki mwilini, miguu kufura, na mahali njia hiyo huishia, kwenye kitanda cha mashine ya kusafisha damu. Hakupunguza na hakuongeza. Mathe Eucabeth alisikiliza mpaka mwisho, akaiangalia pakiti, iliyolala kati ya mbao za meza.

"Yenye imevunja meza ya daktari," alisema, "itafanya nini kwa figo ya mwanamke? Ikae hapo."

Maina na wale wanaume wawili waliisukuma mpaka kwenye kona, isizuie njia. Hapo ikazama kwenye simiti kiasi cha kidole. Mathe Eucabeth aliondoka na mfuko wake ukining'inia kwenye kidole cha mwisho.

"Sasa mimi nitabeba nini?" Maina alilalamika.

"Nibebe mimi," alimwambia, na akapanda mkokoteni.

Juni alirudi. Faili lilisema bado anameza, kwa hivyo dirisha la dawa lilimpa pakiti nyingine. Maina aliisukuma mpaka kwenye kona. Nakhumicha aliandika kwa penseli, daktari akafuta. Julai ikawa hivyo hivyo. Wagonjwa wengine nao walianza kuleta mifuko yao kwenye mizani kabla hawajaulizwa, na wengine walianza kuacha vitu kwenye kona. Sakafu ilipasuka kutoka hapo mpaka chini ya saa ya ukutani.

Usimamizi haukukaa kimya. Agosti walikuja mafundi, wakachora mstari wa manjano kuzunguka kona na kubandika tangazo la tahadhari. Wakajenga njia ya simiti kwa ajili ya mikokoteni. Zikanunuliwa meza sita za chuma. Siku ya kuzindua njia hiyo kulikuwa na utepe na keki, na daktari Kahiga alihutubia kuhusu kumjali mgonjwa.

Septemba majibu ya maabara ya Mathe Eucabeth yalirudi mazuri. Namba ya figo ilikuwa imeshuka mpaka karibu na pale ilipokuwa Januari. Alikuwa amevaa viatu vya kufunga. Magoti yalimuuma bado, na kila jioni aliyapaka dawa ya kununua dukani, akiyatukana.

Daktari Kahiga alisoma, akafurahi kabisa. Akaandika kwa wino: *Figo zimepona. Dawa zinafanya kazi vizuri. Aendelee na zote.*

"Daktari, ile ya magoti hamezi," Nakhumicha alisema.

"Hapa imeandikwa anameza."

"Sijameza tangu Mei," Mathe Eucabeth alisema kutoka kitini. "Ziko hapo kwa kona. Geuka uone."

Daktari hakugeuka. Nakhumicha alichukua penseli akaandika chini ya wino: *Aliacha ya magoti mwezi wa Mei. Ndiyo maana amepona.* Daktari akafuta. Karatasi ilikuwa imefutwa mara nyingi pahali hapo, ikatoboka. Nakhumicha akaandika tena, pembeni ya tundu.

Novemba kitabu chake hakikupata sahihi. Aliambiwa arudie mwaka, kwa kosa la kukosa utulivu kazini. Alirudia.

Jumanne ya kwanza ya Januari, saa mbili asubuhi, sista Emmy alipanga viti, akapangusa mizani, akaita namba moja. Namba moja alikuwa mzee Obura, mwalimu mstaafu wa Free Area, mwenye sukari. Mfuko wake ulivutwa na punda wawili juu ya ile njia mpya ya simiti, na wakaguna kidogo kwenye mwinuko.

Nakhumicha aliweka mezani dazeni mbili za penseli. Akachukua moja, akaichonga mpaka ikachoma kidole.

"Karibu, mzee," alisema. "Tuanze na gani?"