Kikohozi cha Papa Godefroid

Wivu? Mimi Osée siujui. Muulize yeyote pale redioni kwetu Ruashi.

Kwa hiyo nikisema Papa Godefroid ana sauti ya mlango usiotiwa mafuta, ni ukweli tu. Miaka thelathini na moja anasoma matangazo ya vifo, na kabla ya jina la marehemu lazima akohoe: kmm! Hapo mtaa mzima unaweka vijiko chini. Wamama waliosimama wanakaa. Mimi nasoma matokeo ya mpira kwa ufundi wote, na mama yangu mzazi anapunguza redio.

Jumanne asubuhi mzee alivuka barabara kwenda kunywa chai. Akaingia Mama Mwajuma, macho mekundu, karatasi mkononi. Mume wake Mahamudu, fundi cherehani, anazikwa leo hii baada ya sala ya adhuhuri.

"Papa Godefroid iko wapi?"

"Alistaafu, mama." Ulimi wangu hata haukujikwaa. "Miye njo niko ku nafasi yake."

Akaniangalia kuanzia viatu. "Weye? Mutoto wa mupira?"

"Mama, saa inaenda."

Akaacha karatasi, akatoka. Nikakalia kiti cha mzee, ambacho kimeshika umbo la makalio yake, nikafungua mikro ya kutangazia. Nilitaka kusoma kwa sauti yangu, naapa. Kufika kwenye jina, koo likaniasi: kmm!

Simu za shukrani zikaanza. "Merci, Papa Godefroid!" Wa kwanza, wa pili, wa tano. Merci Osée, hakuna. Kiti nimekiiba mimi, sifa zinamfuata yeye kwenye chai!

Mzee akarudi na kikombe chake. "Kuko muntu alikuya?"

"Hapana, papa."

Mlango ukasukumwa. Mama Mwajuma, akihema.

"Weye mutoto! Nilisahau kuandika musikiti, na weye ukasoma bila kuuliza! Bantu banazunguka, habajui banaenda wapi..." Akageuza kichwa. Alikuwa amemwona mzee. "Papa Godefroid! Kumbe uko apa? Huyu alisema ulistaafu!"

Mzee hakupiga kelele. Akauliza jina la msikiti, akaliandika, akaweka kikombe chini, akanigeukia.

Kmm!

"Osée Kisimba Mwepu," akasema taratibu, jina lote.

Mama Mwajuma, kwa mazoea, akakaa chini.