Trilioni Kasoro Tisa

Gaudiosus alitoka Kiruruma asubuhi na mapema, kampakata mjukuu wake Beata juu ya bodaboda, akafika Kimuli mashindano ya hisabati ya sekondari yakiwa yamepamba moto. Jukwaani alikuwapo binti yake, Ainembabazi. Ujauzito ulikuwa umemkatisha masomo; mtoto alipoacha kunyonya, Gaudiosus mwenyewe alimrudisha darasani. Watu walisema mpaka wakachoka.

Maswali yaliulizwa kwa Kiswahili ili wazazi nao wafuatilie. Lilipobaki swali moja, shule mbili zikiwa sare, mwalimu Cassian aliandika ubaoni: 999,999,999,991.

"Namba hii ni tasa," akauliza, "yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe? Au si tasa?"

Nyuma ya Gaudiosus mwanamke mmoja akanong'ona, "Mambo ya utasa, yule atayajulia wapi?" Wenzake wakacheka chinichini. Gaudiosus hakugeuka. Alimweka tu Beata vizuri pajani.

Timu ya Ihanda, wapinzani wa shule ya Ainembabazi, ilitangulia. Walikuwa wamegawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, wakapanda hivyo hivyo hadi karibu na mia. Kila mara kulikuwa na baki. "Ni tasa," nahodha wao akasema.

"Si tasa," Ainembabazi akasema, akashika chaki.

Akachora mraba. "Hiki ni kibanja chetu, shamba letu la nyumbani. Kila upande hatua milioni moja, kwa hiyo eneo lake ni trilioni. Kwenye kona ya juu nimemkatia jirani kipande cha tatu kwa tatu. Imebaki trilioni kasoro tisa, ndiyo namba yenyewe."

Chini ya kona ile ulibaki ukanda mwembamba, upana wake hatua tatu. Akaufuta, akauchora upya, safari hii umelala kwenye ukingo wa juu wa shamba lililobaki. Pengo likatoweka.

"Sasa upana ni milioni kasoro tatu, urefu milioni na tatu. Zidisha hizo mbili, utaipata."

Gaudiosus alikuwa amepima na kugawa mashamba maisha yake yote. Aliuona ukanda ule ukihama kama anauhamisha yeye.

Cassian akazidisha polepole, mstari kwa mstari. "Sahihi," akasema hatimaye. "Mzazi wake yupo?"

Gaudiosus akasimama, Beata mkononi. "Ni mimi. Na huyu hapa ni mwanawe."

Ukumbi ukapiga makofi. Ainembabazi akashuka jukwaani moja kwa moja hadi alipokuwa baba yake.

"Tata, umeelewa?"

"Shamba lote nimeliona, mwanangu."

Nje, mwanamke yule aliyenong'ona nyuma yake alimfuata Gaudiosus, akamwamkia kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Mimi ile kona ilinipita kidogo."

"Marahaba." Gaudiosus akampa binti yake mtoto, akaokota kijiti, akachuchumaa. "Njoo karibu," akasema, akaanza kuchora mraba mavumbini, bila haraka yoyote.