Zambarau Isiyochuja

Shangazi yangu anatia vitambaa rangi, na ngozi yake ndiyo kibao cha duka. Ukitaka kujua wiki hii kuna oda gani, mtazame miguu: kijani, manjano, buluu mpaka magotini. Kwa hiyo madoa ya zambarau yalipotokea juu ya kifundo cha mguu wake, hakuna aliyeshtuka. Isipokuwa mimi.

"Shangazi, hiyo zambarau umeitoa wapi? Pipa lake tumeligeuza kiti tangu mvua zianze."

"Rangi nzuri haitoki upesi, mwanangu. Koroga beseni, acha maswali."

Nikakoroga. Lakini mimi peke yangu pale dukani ndiye niliyejua kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, na kwamba vidonge vyake anavimeza siku anayokumbuka. Oda zikizidi, hakumbuki. Nikamwomba twende kliniki. Akasema kesho. Kesho ilipofika, nayo ikawa na kesho yake.

Sasa, kwetu kitambaa hakitoki dukani kabla hakijasuguliwa kwa tambara jeupe lililolowa. Tambara likishika rangi, kazi inarudi beseni. Siku moja duka limejaa wateja, Shangazi amekaa juu ya pipa anataja bei kwa mbwembwe, nikapiga magoti, nikamkamata mguu, nikasugua.

"We mtoto, umerogwa?"

Nikainua tambara. Kijani kidogo, basi. Zambarau ilikuwa palepale, imetulia kama mwenye nyumba.

"Kumbe haichuji!" mama mmoja akapiga makofi. "Bi Zambarau, nitilie mashuka yangu rangi hiyohiyo!"

Watu wakavunjika mbavu. Shangazi hakucheka. Yeye ni fundi, na tambara lile alilisoma kabla yangu: rangi ya beseni ikikaa ngozini huacha japo alama, hii haikuacha kitu. Akavaa viatu, akanifokea njia nzima mpaka kliniki.

Walikata kipande kidogo cha ngozi, wakakipima. Tuliporudi kuchukua majibu, daktari akasema ni saratani ya Kaposi, ile inayopata upenyo virusi vikishaidhoofisha kinga ya mwili.

"Lakini mmewahi, iko ngozini tu. Tutakupa dawa ya dripu. Na vidonge vyako ni kila siku, mama, si siku unayokumbuka."

"Nani kakwambia habari za kukumbuka?" Shangazi akanigeukia. Nikatazama dari. Lilikuwa dari zuri sana.

Leo madoa yamefifia kama shuka lililofuliwa miaka. Shangazi anameza vidonge kabla hajagusa beseni la kwanza la asubuhi, na kelele zake zimerudi zote. Wateja, wanaojua habari za mguu tu, bado wanamwita Bi Zambarau, na jina hilo linamkera kuliko sindano.

"Umeniaibisha mbele ya watu," ananiambia kila tukikamua kitambaa, yeye ncha ile, mimi ncha hii. "Bado nangoja uniombe radhi."

"Utangoja sana, Shangazi. Kamua. Siombi."