Fulana Imeshachaguliwa

Kisu kiligota kwenye fulana, kikateleza, na wanaume waliokuwa mezani wakapiga makofi. Fulana yenyewe ilikuwa imevishwa gunia la mchanga lililosimamishwa juu ya kiti, na muuzaji, kijana wa maneno matamu na viatu vya kung'aa, alikuwa akilichoma gunia lile kana kwamba limemtukania mama. Alichoma kifuani, akachoma tumboni, akarudi kifuani. Mkurugenzi wa kampuni ya ulinzi akakiomba kisu ajaribu naye, akachoma kwa raha zake mpaka tai ikamkaa begani.

Komeo alisimama mlangoni, mikono nyuma. Jina hilo alipewa na walinzi wenzake kwa sababu langoni kwake hapenyi mtu. Alikuwa mwanamke wa kifua na mabega, mama wa watoto watatu asiye na wa kumsaidia, na kazi yake ilikuwa kupekua wanawake wanaoingia kwenye jengo kubwa la maduka. Aliitwa pale kwa sababu mwenye jengo alitaka sauti ya akina mama nayo iwepo mkutanoni. Iwepo, siyo isikike.

Lango hilohilo ndilo lililomuua shoga yake, mlinzi mwenzake. Mwizi wa nguo, mwanamke mwenye sura ya upole kabisa, aliambiwa asimame apekuliwe. Mlinzi aliponyoosha mikono kumpapasa, akachomwa kisu ubavuni, chini ya kwapa. Alikata roho sakafuni mbele ya duka la viatu, wateja wakimruka kuwahi shughuli zao. Mwenye jengo akaona aibu, au pengine aliona biashara inaharibika, akasema bila fulana za kuzuia visu hakuna mkataba. Ndiyo sababu ya mkutano ule. Msiwape watu sifa za bure.

Muuzaji alikuwa ameleta fulana za aina mbili. Ya kwanza ilishonwa kwa vipimo mbalimbali, vya kiume na vya kike, ila ingechelewa kufika. Ya pili ilikuwa ya kipimo kimoja, imejaa tele ghalani, na mgongoni ina nafasi pana ya kuandika jina la kampuni. Mkurugenzi alikuwa ameshaipenda hiyo ya pili. Komeo akaambiwa aivae apigwe picha, mwenye jengo afurahi.

Akaivaa. Mbele ilimkaa vizuri, ubavuni ikagoma. Alivuta mikanda mpaka jasho likamtoka, na bado kila upande pakabaki uwazi wa kuingia kiganja, palepale alipochomwa shoga yake.

"Bosi, hapa pako wazi," akasema, akainua mkono aonyeshe.

Mkurugenzi akatazama. "Basi usiinue mkono."

Wakacheka. Hata msimamizi wa zamu, mtu mzima aliyelia na Komeo msibani, naye alicheka, baada ya kuchungulia kwanza uso wa mkubwa ajue kicheko kiwe cha kiasi gani. Komeo akaeleza kwa adabu kwamba kupekua ni lazima unyooshe mikono, na kwamba mwenzao hakuchomwa kifuani. Akaomba, kama inawezekana, wangoje ile aina nyingine. Muuzaji akaanza kusema ndiyo, ile kweli ingemfunga. Mkurugenzi akamkatiza.

"Fulana imeshachaguliwa," akasema. "Sasa tuchague wa kuivaa."

Komeo alidhani ni utani.

Kesho yake asubuhi walinzi wote wa kike waliitwa uani, nyuma ya ofisi. Msimamizi alitoa amri huku akitazama viatu vyake. Atakayefungika na fulana pande zote atabaki kazini, asiyefungika arudishe sare. Usalama wa mfanyakazi kwanza, akasema, kampuni haiwezi kumpeleka mtu langoni ubavu ukiwa wazi. Jamani! Yalikuwa maneno ya Komeo mwenyewe, yamegeuzwa usiku mmoja yakawa rungu. Na wenzake walijua yametoka kinywani mwa nani. Mmoja wao, mjane aliyezoea kumwita dada, akamsogelea taratibu.

"Asante, dada," akasema. "Umetutetea."

Komeo aliona haya kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi.

Chooni wanawake walikuwa wameshaanza kuchana shuka vipande virefu na kufungana vifua. Waliojaliwa wembamba walisimama pembeni, wasijue wasikitike au washukuru. Komeo akavua blauzi, akamgeuzia mjane mgongo. Hakumwomba, na mjane hakuuliza. Alimzungushia shuka, akamtia goti mgongoni, akavuta kwa nguvu zake zote na kwa hasira zake zote. Komeo aliuma meno. Alipodhani imetosha, mjane akamwambia atoe pumzi yote, akavuta tena.

Mkurugenzi alikuja kukagua mwenyewe. Mikanda ya Komeo ilikutana. Akapitisha vidole ubavu wa kulia, akapitisha wa kushoto, akakosa pa kupenyeza.

"Unaona? Ilikuwa ni kutaka tu," akasema. "Haya, salimia kama unavyosalimia wateja."

Komeo akafungua mdomo. Hewa iliyokuwemo ilitosha neno moja.

"Karibuni."

"Sauti."

Macho yalikuwa yameanza kuingia kiza. Alijaribu tena, midomo ikacheza bila kutoa kitu. Mkurugenzi alisubiri, bila haraka yoyote, na kwenye mstari nyuma ya Komeo wanawake wakaanza, mmoja baada ya mwingine, kubana pumzi.